Msimu wa Kwanza wa Ajinabi FC

Ijumaa, 7 Oktoba 2016

Jeremiah amesema klabu isiyo na daftari si klabu, ni watu wanaokimbizana jangwani. Basi daftari ndilo hili, na mwandishi ni mimi, Rosebellah, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na nilifika kidato cha pili kabla sijampata Valary. Hillary amenipitishia juu ya ukuta pamoja na kalamu mbili.

Hillary ni dereva wa nyumba ya jirani hapa Al-Naseem, Riyadh, na mke wake Fridah, Mama Dominic, ni mfanyakazi wa ndani mumo humo. Mapaa yetu ya kuanikia nguo yanapakana, ukuta mmoja tu katikati, unanifika kifuani. Tukianika tunaongea. Bila Fridah sijui ningekuwa naongea na nani.

Mume wangu ni Dalmas. Anapakua mizigo kwenye ghala huko Al-Sulay. Mimi nilitangulia, yeye akanifuata baada ya miezi mitatu, tukamwacha Valary kwa mama yangu kule Malava. Tulidhani tukiwa mji mmoja tutakuwa tunaonana. Kumbe mimi sitoki na yeye haingii. Lakini nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja cha changarawe, na leo baada ya sala ya alasiri wanaume kumi na wanne wa kutoka kwetu wameketi pale wakaunda klabu. Mimi nilikuwa juu, nimejibana kando ya tangi la maji. Nimemwona Dalmas dakika ishirini nzima. Amekonda shingo.

Jina lilileta maneno. Wa Bungoma walitaka la kwao, wa Kakamega la kwao. Hillary akasema tujiite Mafi Ikama FC, yaani Hakuna Ikama, kwa maana nusu ya timu haina hicho kibali cha ukaazi kilicho hai. Wakacheka mpaka mmoja akalala chini. Mwishowe Jeremiah, ambaye ni msimamizi ghalani na ndiye mwenyekiti, akasema hapa tunaitwa ajinabi, wageni, asubuhi na jioni, basi tulichukue liwe letu. Ajinabi FC. Kipa ni Dalmas. Kipa wa akiba ni Hillary.

Ijumaa, 14 Oktoba

Ajinabi 1, Waganda 5. Madam Hala, mwajiri wangu, aliniita nikakosa kuona hilo moja letu.

Ijumaa, 21 Oktoba

Ajinabi 0, Wasudani 3. Jua kali. Dalmas aliinua mkono kuelekea kwa tangi. Nami nikainua kitambaa cha kufutia vumbi.

Jumapili, 30 Oktoba

Tumepata jezi. Kuna mzee anaitwa Ghalib, anauza nguo za kazi, ana duka Jeddah na stoo Al-Sulay, anakuja Riyadh kila baada ya wiki mbili. Familia yake ilitoka Zanzibar mwaka wa sitini na nne, yeye akiwa na miaka minane. Aliwasikia wavulana wetu wakitukanana kwa Kiswahili wakipakua marobota yake, akasimama pale mlangoni machozi yakamtoka, ati miaka mingi hajasikia mtu akitukanwa vizuri hivyo. Amewapa mashati kumi na manne ya buluu yaliyobaki.

Hayana namba. Madam Hala alikuwa amenipa abaya yake kuukuu niifanye matambara. Nimeikata namba, kuanzia moja hadi kumi na nne, nashona kwa mkono wakati wa mchana nyumba nzima ikilala baada ya chakula. Namba nane ndiyo ngumu, jamani.

Jumatano, 2 Novemba

Leo nilidhani nimeisha. Nilikuwa nimeanika jezi katikati ya mashuka ili zisionekane, upepo ukageuza. Madam akapanda kutafuta sweta ya mtoto, akazikuta zote kumi na nne zimejipanga. Akashika kitambaa, akajua ni abaya yake. Nikaanza kueleza kwa Kiarabu changu cha jikoni: mume, mpira, Ijumaa, haram hakuna. Hakunipigia kelele. Akaniambia niziteremshe kabla Baba, mume wake, hajarudi. Alipofika ngazini akageuka akauliza kama hiyo timu inashinda. Nikasema bado. Akasema, "Miskini," akashuka.

Huyu mama simjui. Mwaka mmoja na nusu na bado simjui.

Ijumaa, 4 Novemba

Ajinabi 2, Wanaijeria 2. Mtu akiwaangalia kwa jezi anafikiri ni watu wenye kwao.

Ijumaa, 18 Novemba

Tumeshinda. Andika kwa herufi kubwa, amesema Jeremiah: AJINABI 1, WASUDANI 0. Dalmas alizuia mipira ambayo hata Wasudani walimpigia makofi. Niliruka huku juu, kichwa kikagonga bomba la tangi. Fridah naye kwa upande wake alikuwa anacheza isukuti, ngoma ya kwetu, na beseni. Alisema, "Mama Valary, mume wako leo amekula nini?" Nikamwambia mchele wa kampuni na hamu yangu.

Jumatatu, 28 Novemba

Mvua. Barabara zimejaa maji kama mto Lusumu. Nimefagia maji ya uani kutwa nzima.

Jioni Valary alituma sauti. Mama yangu amemfundisha kusema, "Baba shika mpira." Anasema "sika." Nimeisikiliza mpaka nikaogopa kuimaliza.

Ijumaa, 9 Desemba

Ajinabi 3, Waganda 1. Wamelipwa.

Dalmas ananipa wasiwasi. Ikama yake iliisha tangu Agosti na kampuni haijamfanyia mpya. Wanamwambia bukra, kesho, na kesho haifiki. Hatembei nje ya Al-Sulay isipokuwa Ijumaa, Hillary akimficha kiti cha nyuma cha gari la bosi wake. Nikimwambia aache mpira ananiambia Ijumaa ndiyo siku pekee anahesabika. Sasa hapo unamjibu nini mtu.

Alhamisi, 5 Januari 2017

Mzee Ghalib na wenzake wa Jeddah wameandaa mashindano, timu nane, zote za watu wanaoongea Kiswahili. Ajinabi wamealikwa. Kamati inataka orodha ya wachezaji na namba za ikama, sababu mwaka jana timu moja ilileta mamluki kutoka Sudan.

Watu wetu sita ikama zimekufa. Jeremiah amesema tutaazima. Kila mwenye ikama mbovu achukue ya mtu aliye na nzuri na hasafiri. Hata kwenye vizuizi vya barabarani, amesema, askari haangalii sura, anaangalia tarehe. Kwao sisi wote ni mtu mmoja.

Hillary haendi, bosi wake ana wageni. Jioni amemleta Dalmas kwa gari, akampa ikama yake mkononi, nikiona, pale chini ukutani. Akamwambia, "Usinifungishe magoli, jina langu ni safi." Wakacheka wote wawili.

Jeremiah akanitumia majina niandike orodha, moja ya kamati, nyingine ya klabu. Namba moja, kipa, nimeandika Hillary. Nimeandika kwa mkono wangu huu na roho ilikuwa imetulia kabisa. Naandika hivyo sababu ni kweli. Nilikuwa nafikiria tu Dalmas ataona bahari.

Alhamisi, 12 Januari

Wameondoka kwa Hiace asubuhi. Baridi inauma mikono kwenye nguo.

Ijumaa, 13 Januari

Saa nane mchana Jeremiah alituma sauti: mechi ya kwanza tumeshinda moja bila, Dalmas ameokoa penati. Nyuma yake watu wanaimba. Nilimtumia mama yangu amchezee Valary.

Mechi ya pili ilikuwa saa kumi. Nikapanda na nguo ambazo hazikuhitaji kuanikwa. Nikakaa chini ya tangi na simu. Saa kumi na nusu, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Fridah alichungulia, akasema labda wanapiga penati, penati huchukua muda. Nikawa namwamini. Adhana ya magharibi ikaita, madam akaniita, nikashuka, nikakata vitunguu, simu iko ndani ya nguo kifuani haitingishiki.

Ilipotingishika nilikuwa nachuja chai ya wageni. Niliingia chooni kusikiliza. Jeremiah alisema kipa ameumia kidogo. Alijitupa miguuni kwa straika, goti likaingia ubavuni, akainuka, akacheza dakika kumi tena, halafu akakaa chini kama mtu aliyechoka. Wamempeleka hospitali. Alisema, "Shemeji, usilie, hospitali za huku si kama za kwetu."

Nilirudi nikapeleka chai. Mgeni mmoja akasema sukari hakuna.

Jumamosi, 14 Januari

Bandama ilipasuka. Wamempasua usiku, wameitoa. Anaishi.

Hapo mapokezi waliuliza ikama. Jeremiah akatoa iliyokuwa mfukoni mwa Dalmas, ya Hillary, kwa maana bila ikama angebaki kwenye benchi. Simlaumu kwa hilo. Nami ningeitoa.

Lakini kwenye kitanda, kwenye faili, kwenye utepe wa mkononi, mume wangu ni Hillary. Jeremiah na timu wamerudi Riyadh kazini. Dalmas yuko Jeddah peke yake na jina la mtu.

Daftari hili sasa si la klabu. Naandika yangu.

Jumatatu, 16 Januari

Fridah ameniambia yote, macho yake hayakunitazama.

Leo asubuhi hospitali ilimpigia simu bosi wa Hillary, kwa kuwa yeye ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake, na bima ni yake. Wakamwambia dereva wako anaendelea vizuri, operesheni imekwenda salama. Bosi alikuwa sebuleni anakunywa kahawa, na Hillary amesimama mbele yake na funguo za gari. Bosi akasema dereva wangu yuko hapa, mzima, ananingoja. Halafu akaweka simu chini akauliza ikama iko wapi.

Hillary akasema imeibiwa.

Fridah anasema lilimtoka tu. Anasema mtu akisukumwa hachagui pa kuangukia. Nikamuuliza, "Ameibiwa na nani, Mama Dominic?" Akaanza kukusanya vibanio vya nguo, kimoja kimoja.

Jumanne, 17 Januari

Nilimpigia Jeremiah wakati nyumba imelala. Nilidhani atasema amekwenda kurekebisha. Huyu ndiye aliyekuwa ananiita katibu.

Alisema kamati ya klabu imekaa. Ikijulikana ikama iliazimwa, polisi wataomba orodha, na kwenye orodha kuna wengine watano. Sita walioazima na sita walioazimisha, watu kumi na wawili, wote wenye watoto nyumbani. Lakini ikiwa ni wizi, ni mtu mmoja.

Nikamwambia huyo mtu mmoja ana jina, na unalijua.

Akasema, "Najua, shemeji. Nimecheza na yeye. Lakini akiwa na nguo za hospitali ameshakamatwa tayari, hawa wengine bado. Niambie wewe ungefanya nini."

Lililoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa ananiuliza kweli.

Alhamisi, 19 Januari

Mzee Ghalib amekwenda wodini. Mungu amuweke. Alinitumia sauti ndefu kwa kile Kiswahili chake cha taratibu: "Mwanangu, mumeo nimemwona. Anakula uji, anajikaza. Ila usistuke, wamemtia pingu mguuni, imefungwa kwenye kitanda. Askari kijana yuko mlangoni, si mkorofi, nimemletea sambusa naye."

Halafu akampa Dalmas simu. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima. Akasema, "Rose, mimi sikuiba."

Nikasema najua, nilikuwepo.

Akasema, "Usimwambie mtoto."

Hilo tu. Nimefua mapazia ya sebule ambayo niliyafua juzi.

Ijumaa, 20 Januari

Hakuna mpira. Mbwa wawili na mfuko wa plastiki.

Jumamosi, 21 Januari

Nilifikiria siku tatu nikaona nina kitu kimoja: orodha ya klabu, ile nakala ya pili. Kuna jina la Hillary upande wa kipa, na pembeni nilikuwa nimeandika kwa kalamu ndogo, "anacheza Dalmas", ili nisichanganye matokeo. Na tarehe, wiki nzima kabla ya safari. Mwizi gani anaandikwa kwenye orodha kabla ya kuiba?

Nikampelekea madam. Alikuwa anamsomesha mtoto. Nikaeleza yote, na pale Kiarabu kiliponiishia nikachora. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza nani ameandika hii. Nikasema mimi.

Akakunja karatasi mara nne akanirudishia mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake. Akasema ikitoka kwenye nyumba hii watakuchukua na wewe, kwa sababu ulijua. Na mumeo hatatoka kwa sababu wewe umeingia. Halafu akasema mambo ya ikama ni ya Baba na hataki Baba asikie. "Halas, Rose."

Nilimchukia kwa saa kama mbili. Halafu wakati wa kuosha vyombo nikaona kwamba alikuwa amesema kweli.

Jumatano, 25 Januari

Vumbi. Huoni hata nyumba ya jirani. Fridah naye haaniki tena saa tunayokutana, anaanika alfajiri.

Mama anasema Valary amekataa kulala bila kusikia sauti ya baba yake. Nimemtumia ile ambayo Dalmas alimjibu Novemba.

Jumamosi, 28 Januari

Mzee Ghalib amezungumza na mtu anayejua sheria. Amenieleza pole pole mara mbili.

Kosa la kukosa ikama ni la serikali, na adhabu yake ni kurudishwa kwao. Wizi ni jambo jingine, huo una mwenyewe. Mwenyewe akienda kituoni akatia sahihi kwamba amesamehe, inaitwa tanazuli, basi hapo wizi unapungua uzito, na Dalmas anaweza kupelekwa tarhili, kule wanakokusanywa watu wa kurudishwa, badala ya jela. Hillary asipotia sahihi, Dalmas atafungwa, muda gani hakuna ajuaye, na kidonda kile hakijafunga.

Nikamwambia Mzee, lakini hakuna kilichoibiwa. Atasamehe nini?

Akasema, "Heri nusu shari kuliko shari kamili, mwanangu. Kamwombe msamaha."

Jumapili, 29 Januari

Nilimwambia Dalmas kwa simu ya Mzee Ghalib. Alikataa. Sijawahi kumsikia akikataa hivyo. Alisema afadhali akae ndani miaka kuliko mke wake apige magoti kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Alisema Hillary alimpa kwa mkono, akacheka. Alisema, "Rose, ukiniombea msamaha, nimeiba."

Nikamwambia sawa, sitaomba.

Jumatatu, 30 Januari

Niliamka alfajiri nikapanda kumngoja Fridah. Alipoona kichwa changu alitaka kushuka. Nikasema, "Mama Dominic, sikuja kugombana. Nimekuja kuomba." Akasimama na shuka la maji likimdondokea miguuni.

Nikaomba. Nilisema Hillary amsamehe mume wangu. Neno la kwanza lilinikwama, lililofuata likapita.

Fridah alianza kulia. Nikadhani sasa atasema tuache mchezo huu, sisi wawili tunajua. Badala yake alisema amengoja siku nyingi nije, na kwamba Hillary halali, na kwamba hata mtu ukikosewa unaumia. Nikamtazama vizuri. Hakuwa anaigiza. Wiki mbili za kumwambia bosi wao hadithi ile ile, asubuhi na jioni, na sasa wanaishi ndani yake kama nyumba.

Akasema Hillary yuko tayari, lakini bosi hampeleki kituoni hivi hivi. Bosi anataka kwanza kusikia familia ya mwizi ikikiri na kuomba. Kwa Kiarabu, kwa sauti, irekodiwe kwenye simu. Na baada ya hapo nisiseme neno jingine kwa mtu yeyote.

Alilisema neno mwizi bila kustuka. Nami sikustuka mbele yake.

Jumanne, 31 Januari

Kiarabu changu ni cha sabuni na mchele. Sikujua kusema "naomba umsamehe." Nikamwendea madam tena.

Alielewa haraka kuliko mara ya kwanza. Alifunga mlango wa jikoni. Akanipa maneno moja moja, akanirekebisha kama anavyomrekebisha mtoto, hilo si hivyo, vuta hapa. Mimi ni mke wa Dalmas. Mume wangu alikosea. Alichukua kisichokuwa chake. Kwa ajili ya Mungu na binti yetu mdogo, msamehe. Nilirudia mara tano. Mara ya nne madam alisema usiseme haraka, mtu mwenye haya hasemi haraka.

Anaujua ukweli, na ndiye aliyeninolea uongo mpaka ukang'aa. Nilipomaliza kurekodi alikuwa ameweka kiganja chake mgongoni kwangu na amekisahau pale.

Nimeituma.

Alhamisi, 2 Februari

Hillary ametia sahihi.

Jumatano, 8 Februari

Dalmas amehamishiwa tarhili. Kidonda kinatoa maji. Mzee Ghalib amepeleka dawa na fulana, hakuruhusiwa kumwona.

Ijumaa, 10 Februari

Wamecheza leo, mara ya kwanza tangu Jeddah. Sijui matokeo. Nilipanda, nikaona Jeremiah anapanga watu, na hakuna aliyeangalia upande wa tangi. Hillary alikuwa golini. Anaruka vibaya lakini anajitahidi. Nilishuka kabla ya mapumziko.

Jumamosi, 18 Februari

Amefika nyumbani.

Alipiga kwa simu ya mama yangu, nikasikia kuku, nikasikia mlango wa bati. Walimtoa Jeddah na ndala. Miaka mitano haruhusiwi kurudi, na mimi kwa mkataba nina miezi sita na madam anasema wataongeza. Lakini anaishi, yuko ndani ya nyumba yetu, na jina lake ni Dalmas na kila mtu pale analijua.

Valary alimkimbia. Alijificha nyuma ya bibi yake akauliza huyu mtu anakwenda lini. Dalmas aliniambia akicheka, ubavu ukamuuma akacheka tena. Halafu jioni mtoto alisogea mwenyewe, akamletea kiazi kitamu kimoja alichokwisha kukiuma.

Nilipodhani anakata, akauliza, "Hivi Hillary alikubalije? Nani alimwambia?"

Nikasema hakuna. Nikasema labda moyo tu ulimlainika.

Akasema, "Basi huyo ni mtu. Umwambie nimesema hivyo."

Ijumaa, 24 Februari

Joto limeanza kurudi. Leo Fridah alipanda mchana, saa yetu ya zamani, na nguo chache. Tukaanika. Aliuliza kama Valary hajambo, nikasema hajambo. Alisema Jeremiah anatafuta nani atafua jezi, nikasema alete.

Hillary alikuwa amekuja kumchukulia bosi zulia juu ya paa. Akasimama pale nyuma ya Fridah, zulia begani, hakujua aweke wapi macho. Fridah akaninong'oneza kwamba wiki tatu sasa tangu mume wake atie sahihi na sijamwambia hata neno, naye hasemi kitu lakini anaona.

Nikafuta mikono kwa dera langu. Nikaenda mpaka ukutani.

"Baba Dominic," nikamwambia, "asante kwa kumsamehe mume wangu. Anakusalimia. Anasema wewe ni mtu."

Akaweka zulia chini. Akasema, "Haya, shemeji. Yaliyopita yamepita."